Rangi Mbichi Kwenye Shanga za Mama

Juzi nilifika kwa mama bila kupiga simu kwanza, kule Kitengela alikojenga, nikakuta lango liko wazi na nyumba haina mtu. Mafundi walikuwa wamepaka milango rangi ya mafuta asubuhi, wakaacha brashi zao kwenye kopo la tapentaini, wakaenda kula. Harufu ile ilinipokea mlangoni. Mimi, mtu mzima mwenye watoto wanaoenda shule, nikasimama katikati ya sebule na mfuko wa maparachichi mkononi, nikiogopa kama mtoto.

Nikamwita mama, "Yeyo!" Hakuna aliyejibu.

Najua mliokua wakati wetu kila mmoja ana harufu yake. Kuna anayesikia mafuta taa akarudi darasa la tatu akifanya hesabu kwa koroboi. Kuna wa sabuni ya kipande, kuna wa maziwa ya kibuyu yaliyofukizwa kwa mti wa mzeituni mwitu. Yangu mimi ni rangi mbichi ya mafuta, na ilianzia kwenye jumba.

Jumba lilikuwa ng'ambo ya uwanda, mahali ambapo siku hizi maghorofa yanakaribia kulimeza, lakini wakati huo lilisimama peke yake na pundamilia na upepo. Lilikuwa na mnara, na nguzo za mawe meupe, na ngazi pana ambazo ng'ombe kumi wangeweza kuzipanda bila kusukumana. Ndani mlijaa picha na sanamu kutoka nchi ambazo hata mwalimu wetu hakuwa na uhakika nazo. Watu waliliita jumba tu. Ukisema unaenda jumbani, hakuna aliyekuuliza jumba gani.

Mama alifanya kazi huko. Alifagia sakafu, akapangusa vioo na kuwafuta vumbi wale watu wa mawe, nami nilijua ni watu wa mawe kwa sababu alikuwa akiniambia, "Leo nimemwosha masikio yule mzee asiye na pua." Kwenye vyumba vya nyuma palikuwa na wachoraji waliokuja kukaa na kufanya kazi kwa miezi, kwa hiyo mama alirudi nyumbani jioni shuka lake likinukia tapentaini. Watoto wengine mama zao walinukia moshi. Wangu alinukia rangi, na mimi nilijivunia hilo hata sikuficha.

Tuliishi na Koko, nyanya yangu, aliyemzaa mama. Baba alikuwa dereva wa lori la mifugo, na tulimwona kwa nadra, kila mara akiwa na haraka na vumbi. Basi siku moja dada mdogo wa mama, aliyeolewa Loitokitok, akajifungua mapacha kwa upasuaji huku vitunguu vyake vikikomaa shambani. Mama akaomba ruhusa kazini, akafunga mzigo, akaniwekea mkono kichwani nilipokiinamisha kumuaga, kama watoto wa kwetu wanavyofanya. Akasema atarudi mavuno yakiisha na dada yake akiweza kusimama.

Alikuwa bado huko habari ya msiba ilipofika kutoka Mashuuru. Mashuuru ndiko kwetu kwa asili, na wafu wetu wote wamelala huko. Koko akaniacha kwa jirani, akaenda kuzika. Aliporudi alikuwa amenyoa kichwa na hereni zake za shanga amezivua, na uso wake umekuwa mdogo. Sikuuliza ni nani. Kwetu mtoto hachokonoi msiba, anasubiri aambiwe, na mimi hakuna aliyeniambia.

Nilikuwa na mbuzi wangu mdogo jike, mweupe mwenye sikio moja jeusi. Kwa sababu ya upweke nilimpa jina la mama, Nasieku. Siwezi kusema lilikuwa jambo la heshima sana kumwita mbuzi jina la mzazi, lakini nilipenda kulisikia likitamkwa pale uani. Jioni moja alipochelewa kuingia zizini nikapaza sauti, "Nasieku! Wewe Nasieku!"

Koko alitoka ndani mbio, kibuyu bado mkononi. "Nyamaza! Hilo jina usilitaje hapa tena."

"Kwa nini, Koko?"

"Mwenyewe ameenda nalo," akasema, na sauti ikamkatika. Akarudi ndani.

Lazima nieleze, kwa wale ambao hawakulelewa hivyo. Kwa wazee wetu, mtu akifa, jina lake hufa pamoja naye. Halitamkwi nyumbani mwake tena, maana kulitamka ni kumtonesha kidonda aliyebaki. Babu alipofariki nilikuwa mdogo mno, lakini hilo nililijua. Kuanzia siku hiyo akawa "yule wa fimbo nyeusi", na mpaka leo naandika haya nikisitasita kulitaja jina lake halisi. Kwa hiyo Koko aliponikataza jina la mama, hapakuwa na kitu cha kufasiri. Nilisimama pale na mbuzi wangu na nikaelewa kwamba mama amekufa, kwamba ndiye aliyezikwa Mashuuru, na kwamba watu wazima wote wanajua.

Sikulia, na sikujua kama naruhusiwa. Na mtego wenyewe ulikuwa pale: nisingeweza kumuuliza Koko bila kumtonesha, na nilimpenda Koko, na uso wake tayari ulikuwa umekuwa mdogo. Nilimeza tonge moja la ugali na nikasema nimeshiba.

Kisha akatokea Nashipae. Sikuwa nimewahi kusikia jina hilo nyumbani kwetu. Koko alikuwa na simu ndogo ya tochi, ile ya mulika mwizi, na mtandao ulipatikana tu juu ya jiwe nyuma ya zizi, kwa hiyo mazungumzo yake yote uwanda mzima uliyasikia. "Nashipae, uko sawa? Watoto wananyonya? Eh. Sasa utakuja Jumapili? Kuja, kuja tu. Huyu wa huku yuko sawa, ni kula tu anakataa." Halafu ananigeukia, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Kuja umsalimie."

Nilikimbia. Nilikimbia mpaka kwenye mbuzi na nikajificha katikati yao. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: baba ameoa mke mwingine, huyo mke ana watoto wanaonyonya, na Jumapili anakuja kukaa kwenye nyumba ya mama. Tena Koko anamchekea! Kila simu ilipolia nilitafuta kazi ya mbali. Nikachukua kikombe cha mama, cha bati, chenye ua la buluu na mdomo uliobanduka rangi, nikakizika ndani ya gunia la mahindi. Nashipae angekunywa chai kwenye karai kama ng'ombe, lakini kikombe hicho asingekigusa.

Siku chache kabla ya hiyo Jumapili, shule yetu ikatutembeza jumbani. Wenzangu hawakulala kwa furaha. Mimi nilitembea mwisho wa mstari, nikiona mnara unakua mbele yetu, nikiwaza ni nani sasa anamwosha masikio yule mzee asiye na pua.

Aliyetupokea alikuwa Mzee Hassan, mlinzi na mwelekezi, ambaye familia yake ilitoka kaskazini mashariki na ilikuwa na duka la nguo mjini. Alikuwa na ndevu za hina na bakora, na hakuwahi kukutana na hadithi akaiacha na urefu wake wa mwanzo. Alitusimamisha kwenye ngazi na kuanza. Alisema jumba lilijengwa na tajiri wa kigeni mwenye mashamba ya katani, alijengee mchumba wake. Bibi harusi akaletwa, akapanda mnarani, akaangalia kulia akaona vumbi, akaangalia kushoto akaona vumbi, akauliza, "Na majirani wako wapi?" Kesho yake akaondoka. Tajiri akabaki na vyumba vitupu, akaanza kununua picha za watu, ati angalau awe na nyuso za kumtazama akila.

"Na huyu simba," Mzee Hassan akagonga kwa bakora simba mkubwa wa marumaru aliyelala mlangoni, "alishushwa kwa treni, akavutwa na punda mpaka hapa. Punda walikataa kutembea! Wanageuka nyuma wanaona simba. Ikabidi afunikwe gunia kichwa. Na alipokaa hapa, wallahi, simba wa kweli akatoka mbugani, akamnusa, akamzunguka, akamkojolea, akaenda zake."

Darasa zima lilianguka kicheko. Hata mimi nilikaribia kucheka, nikajizuia.

Akatupitisha chumba chenye dari lililochorwa mbingu, na watoto wanene wenye mabawa wakiruka uchi wa mnyama. Mwalimu akakohoa. Mzee Hassan akasema, "Nyinyi angalieni mawingu tu." Akatuonyesha ngazi iliyopanda na kuishia ukutani, kwa kuwa tajiri alichoka kujenga siku ile mchumba alipoondoka. Akatuonyesha ukumbi wa kuchezea dansi, ambao mwaka wa ukame mkubwa, jumba likiwa limeachwa bila mwenyewe, ng'ombe wa watu waliingia kutafuta kivuli na mmoja akazalia hapo hapo chini ya taa za vioo. Mpaka leo unaitwa Chumba cha Ndama, na wenyeji wanakubaliana kwamba ndiyo sherehe pekee iliyowahi kufanyika humo.

Mwisho tukaingia ukumbi wa nyuso. Ni chumba kirefu chenye picha za watu pande zote, wengine wakubwa kuliko mlango. Mzee Hassan alikuwa sasa amepata moto. "Huyu alikufa kwa homa. Huyu alikufa kwa huzuni. Huyu, angalieni tumbo, huyu alikufa kwa kula." Akazungusha bakora chumba kizima. "Hawa wote, kutoka huyu mpaka yule wa dirishani, walishakufa. Mungu awarehemu. Mtu haingii kwa huu ukuta kama ako hai."

Nilimwangalia yule wa dirishani. Alikuwa mama.

Alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo, shuka jekundu, kola pana ya shanga shingoni, na lile kovu juu ya nyusi alilolipata kwa lango la zizi. Alinitazama vile alivyonitazama akitaka kujua nani amemaliza sukari. Harufu yake ilikuwepo pia, ile ile ya jioni akirudi kazini, kana kwamba ametoka tu nyuma ya picha.

Basi ni kweli, nikawaza. Mpaka sasa nilikuwa nimebaki na mlango mdogo wazi moyoni, na sasa ulifungwa. Nikakaa sakafuni.

"Wewe, inuka, hapa hakuna kulala," Mzee Hassan akasema.

"Huyu wa dirishani alikufa lini?" nikamuuliza.

Hakugeuka hata kuangalia. "Huyo? Zamani sana. Kabla wewe hujazaliwa."

"Lakini ndiye alinizaa."

Hata wale waliokuwa wakisukumana wakaacha. Mzee Hassan akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akasogea dirishani polepole, akainama. "Ya Allah," akasema. "Huyu si ni Nasieku wetu?"

Niliruka nikamshika mkono. "Usitaje! Usitaje jina lake, amekufa!"

"Nani amekufa?"

"Yeye. Koko alimzika."

"Mtoto, wacha. Jana jioni huyu mama amenipigia simu ananiuliza kama namwagia maua yake maji. Na nilimdanganya. Aliyekufa anauliza maua?"

Sikumwamini. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba watu wazima hukutengenezea uongo mtamu msiba ukiwa mkubwa, na Mzee Hassan dakika moja iliyopita alikuwa ameua chumba kizima. Nililia sasa, kwa sauti, nikitoa yote niliyokuwa nimeyameza na ugali. Mwalimu wetu alikuja akapiga magoti, akasema mambo mazuri ambayo siyakumbuki.

Mzee Hassan ndiye aliyeona la kufanya. Kwenye kila ukuta wa jumba lile kulikuwa na kibao kinachokataza kugusa, na yeye mwenyewe alikuwa amewagonga vidole watoto wa shule nyingi. Akanishika mkono, akanipeleka mbele ya mama, akanyoosha kidole changu.

"Gusa."

"Tumekatazwa."

"Mimi ndio nakataza. Sasa nimesema gusa. Hapo kwa shanga."

Niligusa. Shanga zilikuwa zimechorwa kwa rangi nene, zimevimba kama za kweli, na ile nyekundu ikanata kidoleni mwangu, laini na baridi.

"Unaona? Haijakauka," akasema. "Hii picha yule dada mchoraji wa Machakos aliianza kabla mama yako hajasafiri, amemaliza juzi tu. Ameiweka hapa jana aangalie mwanga, na mimi sikuambiwa, nikamweka na marehemu. Hawa wengine ukiwagusa ni wakavu kama mbao. Huyu bado ni mbichi. Ngoja."

Akatoa simu yake, akabonyeza, akaiweka sikioni, akaniwekea mimi. Ililia, ikalia. Kisha upepo, na vitoto viwili vikilia kwa pamoja, na sauti.

"Mzee Hassan? Ni maua yamekufa?"

Niliishika simu kwa mikono miwili.

"Nani huyo anapumua?" Kisha sauti ikashuka, maana mama anaijua pumzi ya mtoto wake. "Ni wewe? Uko jumbani? Mbona unanikimbia kwa simu? Umekula?"

Umekula. Katika mambo yote niliyokuwa nimefikiria kwamba maiti anaweza kuniambia, hilo halikuwemo. Nilikaa tena sakafuni, safari hii kwa kupenda, simu imenibana sikio.

"Yeyo," nikasema, "usikubali Nashipae akuje. Koko anamwita Jumapili. Mimi simtaki. Nimeficha kikombe chako."

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Nashipae ni mimi," akasema. "Shangazi yangu wa Mashuuru ametuacha, yule mzee sana. Jina langu lilikuwa lake, ni yeye nilipewa. Sasa hatuwezi kulitumia tena, ndio Koko akanipatia lingine. Hawakukuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Yule bikizee mimi nilimjua kwa "Koko wa Mashuuru" tu, sikuwahi kuota kwamba ana jina, wala kwamba ni la mama. Nilijua jina huzikwa na mwenyewe. Kwamba aliye hai aliyelibeba huvuliwa na kuvishwa jingine, hiyo sehemu ya desturi hakuna aliyekuwa amenifundisha.

Nilirudi nyumbani mbele ya mstari, nikikimbia, kidole chekundu juu. Nilimkuta Koko anakamua. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, na yeye akaacha kukamua, akaniangalia, machozi yakamtiririka juu ya kicheko.

"Mbona hukuniambia, Koko?"

"Ningekuambiaje?" akasema. "Ili nikueleze ni jina gani halitajwi, si ningelitaja?"

Jioni ile nilikula ugali wangu na wa Koko, nikafukua kikombe kwenye mahindi, nikakiosha. Mbuzi naye akapata jina jipya. Nilimwita Hassan, ingawa alikuwa jike.

Jumapili mama akashuka na begi lake na harufu ya vitunguu. Nilikuwa nimenuia kutembea kwa adabu, nimwinamishie kichwa, lakini nilimrukia tukaanguka wote vumbini. Koko akasimama mlangoni. "Takwenya, Nashipae," akamsalimu kwa lugha yetu. "Iko," mama akaitikia, kwa urahisi, kana kwamba ni jina alilozaliwa nalo. Mimi nilihitaji muda kidogo kulizoea. Lakini ukishamzika mama yako ukarudishiwa, hutamlaumu kwa kubadilisha jina.

Picha bado iko jumbani. Ilikauka na alama ya kidole changu kwenye shanga, na mchoraji alipotaka kuirekebisha Mzee Hassan akamkatalia katakata. Akaiingiza kwenye hadithi zake, baada ya simba na kabla ya ndama. Mwanzoni alisimulia yaliyotokea. Miaka ilivyokwenda mtoto akawa wawili, nikazimia, nikabebwa na mwalimu, na mara ya mwisho nilipomsikia, kabla hajastaafu, mama mwenyewe alikuwa ametokea mlangoni papo hapo na mapacha mgongoni. Sikumsahihisha. Chini ya picha kuna kibandiko chenye lile jina la zamani, na kila tukipita hapo mama hukisoma kimoyomoyo tu.

Basi juzi nilikuwa nimesimama sebuleni kwake, harufu ya tapentaini imejaa nyumba nzima, maparachichi yananikata vidole, nimeita mara moja na hakuna aliyejibu. Ninajua umri wake. Ninajua siku itakuja ambayo nitaita hivyo na kimya kitakuwa ndicho jibu, na jina la Nashipae nalo tutalifunga, nami nitawakataza wanangu kulitaja uani. Nilikwenda mpaka mlango wa nyuma, nikagusa mbao kwa kidole. Ilinata.

"Yeyo!" nikaita tena.

"Usiguse huo mlango!" sauti ikatoka nyuma, kwenye kamba ya nguo. "Mbona unapiga kelele hivyo? Umekula?"